Kupiga picha ubongo wa panya aliye kwenye nusukaputi: ninavyofanya mimi

Kabla hujawasha leza na kabla hujagusa kompyuta, mshike panya mguu wa nyuma. Panya wetu ni wa aina ya Wistar, weupe, na nyayo zao hazina rangi, kwa hiyo damu unaiona kwa macho. Nyayo zikiwa za waridi na zina joto, endelea. Zikiwa zimepauka au zimeingia rangi ya majivu, simama hapo hapo. Picha utakayopiga itaonyesha mnyama aliyepoa au aliyekosa hewa, na utaipeleka kwa profesa ukidhani ni habari ya ubongo.

Nimekuwa fundi wa nyumba ya wanyama hapa Kampala kwa miaka kumi na sita. Nililelewa kambini, baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichochezea uwanjani. Wanafunzi wanaonijia sasa wanatoka Goma, Juba, Bukoba, Kisumu na Arua kwetu. Vitabu vya mashine zote ni vya Kiingereza, lakini mtu akiwa na sindano mkononi na panya amemshika, swali linamtoka kwa Kiswahili: "Mama, huyu amelala kweli?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mpaka nimeona niliandikie jibu refu.

Vituo vikubwa vya Ulaya, Marekani na Japani huwalaza panya ndani ya MRI ndogo, yaani mashine za sumaku zinazopiga picha ndani ya mwili, zilizotengenezwa kwa ajili yao, zenye nguvu ya sumaku ya tesla 7, 9.4, hata 11.7. Ile njia ya MRI inayofuatilia oksijeni kwenye damu ya ubongo, ambayo leo inatumika kwa binadamu kila mahali, ilionyeshwa kwa panya waliokuwa kwenye nusukaputi, na Seiji Ogawa na wenzake wa Bell Laboratories, mwaka 1990. Maabara yetu haina mashine hiyo. Tuna leza ya nanomita 785, kamera ya viwandani isiyopiga rangi, lenzi moja nzuri, na stendi nzito ya chuma tuliyochomelewa Katwe. Kwa vifaa hivyo tunaona damu ikikimbia juu ya ubongo wa panya, mshipa kwa mshipa. Na upande wa mnyama, yaani dawa, joto, pumzi na kushika kichwa, kazi ni ile ile kwa mwenye leza na mwenye MRI.

Karatasi kwanza. Hakuna panya anayeguswa kabla kamati ya utunzaji wa wanyama ya chuo haijapitisha mpango wako na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia halijakupa kibali. Ketamini, mojawapo ya dawa zetu za usingizi, inaangaliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, inakaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila mililita inaandikwa nani kaitoa. Kwenye mpango wako eleza panya wangapi na kwa nini si wachache zaidi. Zile kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959, za kumwepuka mnyama inapowezekana, kupunguza idadi, na kumpunguzia maumivu, nazisoma kwa sauti na kila mwanafunzi mpya, na namuuliza atazitimizaje kwa kazi yake mwenyewe.

Jifunzie kwa maziwa

Mkono wako usijifunzie kwa mnyama. Chukua mrija wa dripu, changanya maziwa kidogo na maji mengi, yaninginize juu, kisha ulaze mrija chini ya kamera.

Mwanga wa leza ukipiga kitu hurudi na madoadoa meusi na meupe, kama mchanga uliotawanywa kwenye karatasi. Kitu kikitulia, madoadoa yanatulia. Chembe za damu zikipita, au matone ya mafuta ya maziwa, madoadoa yanachezacheza, na kamera iliyofunguka kwa milisekunde 5 inayaona yamefifia. Yalipofifia zaidi ndipo mwendo ulipo mkubwa zaidi. Kompyuta inachukua mraba wa pikseli 7 kwa 7, inagawa mkengeuko sanifu kwa wastani, inapata namba moja, inasogea mraba unaofuata. Fercher na Briers waliieleza njia hii mwaka 1981 wakitazama retina ya jicho, na mwaka 2001 Dunn na wenzake wakaitumia kwenye ubongo wa panya. Inaona juu juu tu, mikromita mia chache za gamba la ubongo, na inakupa mabadiliko ya mtiririko. Usije ukaandika kwamba umepima mililita kwa dakika.

Sasa fungua kile kigurudumu cha dripu polepole. Kwenye ramani ya kompyuta mrija unatengana na meza, kama barabara ya lami inayotokeza vumbi likitua. Funga kabisa, ngoja dakika mbili. Utaona mrija hauwi sawa na meza, kwa sababu matone ya mafuta yanaendelea kutikisika yenyewe hata maziwa yakisimama. Jambo hilo liweke akilini, kwa sababu ubongo nao hufanya vivyo hivyo: hata moyo ukisimama, namba yako haifiki sifuri ya kweli. Panya ambaye mpango wake unaishia kwa kuuawa kwa dawa, akiwa bado usingizini, tunampiga picha ya mwisho baada ya moyo kusimama, na hiyo ndiyo inakuwa sifuri yetu.

Kwa maziwa pia ndipo utagundua makosa ya kamera bila kumpotezea mnyama uhai. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: mwanga, muda wa kufunguka, ukali wa picha. Hakikisha hakuna pikseli iliyojaa mpaka juu. Funga tundu la lenzi mpaka kila doa lichukue angalau pikseli mbili. Tundu likiwa wazi sana madoa yanakuwa madogo kuliko pikseli na hesabu yote inaharibika. Na uhifadhi picha ghafi. Kijana mmoja alihifadhi kazi ya siku tatu kwa JPEG ili nafasi isijae kwenye diski. Ule mgandamizo unalainisha madoadoa, na madoadoa ndiyo data yenyewe. Alikaa kwenye ngazi akiwa ameshika kichwa, nikakaa naye.

Leza ya 785 jicho halioni vizuri, kwa hiyo hutapepesa macho hata ikikupiga. Miwani ya leza kwa kila aliye chumbani, pete na saa zivuliwe. Iwashe nusu saa kabla ya kazi itulie.

Dawa ni nusu ya picha

Hapa nitakaa kidogo. Mwanafunzi anapofika anadhani nusukaputi ni ya kumtuliza panya asisogee. Ni kweli, lakini dawa hiyo inaingia kwenye mishipa ile ile unayoipima.

Isoflureni, dawa ambayo panya huivuta kwa pumzi, hupanua mishipa ya ubongo. Damu inakuwa nyingi kabla hujafanya lolote, kwa hiyo ukigusa sharubu za panya ukitegemea damu iongezeke upande wa pili wa ubongo, ongezeko linakuwa dogo au halionekani. Ukizidisha, kwenye asilimia 2 na kuendelea, umeme wa ubongo unaanza kuwaka na kuzimika kwa vipindi, kama balbu inayotaka kuungua. Medetomidini, dawa ya sindano, kinyume chake hubana mishipa na kupunguza mwendo wa moyo. Ketamini huziba milango ya glutameti, ambayo ni mojawapo ya njia kuu za mazungumzo ya neva. Zailazini, ndugu ya medetomidini, hupandisha sukari ya damu, na anayepima matumizi ya sukari ubongoni kwa PET, ile mashine ya picha inayofuatilia dawa yenye mionzi, asipolijua hilo atapotea. Urethani inaacha ubongo ukiitikia vizuri, ila inasababisha saratani na panya aliyepewa haamshwi tena. Kwangu haiingii.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza dawa ipi ni bora, nami namuuliza anataka kuona nini. Akitaka ramani ya mishipa na mtiririko wa kawaida, isoflureni inatosha na ndiyo rahisi kuidhibiti. Akitaka kuona ubongo ukiitikia mguso, tunachanganya isoflureni kidogo na medetomidini. Mwaka 2023 maabara nyingi za MRI duniani zilitoa utaratibu wa pamoja wa panya uliosimama juu ya mchanganyiko huo huo, nami nikafurahi, maana isoflureni hupanua na medetomidini hubana, na kwa dozi ndogo kila moja inamzuia mwenzake asivuke mpaka.

Vipimo vyetu ni hivi. Kumlaza: isoflureni asilimia 4 ndani ya sanduku la plastiki, na oksijeni lita 1 kwa dakika. Akilala ubavu na pumzi zikapungua kasi, mtoe, mwekee kinyago cha pua, shusha hadi 2. Hapo ndipo kazi ya kisu inafanyika. Ikiisha, kwa wanaotumia isoflureni peke yake, shusha hadi 1.2 au karibu na hapo, ngoja nusu saa. Kwa wanaochanganya: medetomidini miligramu 0.05 kwa kilo chini ya ngozi, kisha pampu ya sindano ikimpa 0.1 kwa kilo kwa saa, isoflureni ikishushwa polepole hadi 0.4 au 0.5. Hapa tunangoja dakika 40 kabla ya picha ya kwanza. Medetomidini humfanya panya akojoe sana, kwa hiyo weka karatasi chini yake na ubadilishe, maana mkojo ukipoa unampoza. Na nyayo zitapauka kidogo hata akiwa salama, kwa kuwa mishipa imebanwa. Hapo lile jaribio langu la mguu halitoshi, tazama kipima oksijeni na pumzi.

Siku ambayo isoflureni imeisha mjini, na zipo, tunatumia ketamini na zailazini. Panya wa gramu 280, kwa ketamini miligramu 75 kwa kilo, anahitaji miligramu 21; chupa yetu ina 50 kwa mililita, kwa hiyo 0.42. Zailazini miligramu 5 kwa kilo ni 1.4, chupa ina 20 kwa mililita, kwa hiyo 0.07. Mpime panya asubuhi hiyo hiyo, usitumie uzito wa wiki jana. Sindano inaingia tumboni upande wa kulia chini, kichwa cha panya kikiwa kimeinama, kwa sababu upande wa kushoto kuna utumbo mpana uliojaa. Vuta sirinji kwanza. Kikija chochote cha kijani au chekundu, toa, tupa, anza upya. Utapata nusu saa hivi ya usingizi mzito, na usingizi huo haukai sawa: dakika ya kumi na ya thelathini ni panya wawili tofauti. Kwa picha za kulinganisha naiona njia dhaifu.

Usimnyime chakula usiku ule. Panya hawezi kutapika, na kumlaza na njaa kunamshusha sukari bure.

Na nakuomba, usimlaze kwa pamba iliyolowa isoflureni ndani ya chupa. Kwa joto la chumba mvuke wake unaweza kupita asilimia 30. Anakufa ukiwa bado unatafuta glavu.

Joto

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa uzamili alikuwa akijaribu dondoo la majani. Kila panya alimpiga picha dakika ishirini kabla ya dawa na dakika arobaini baada yake. Kwa panya tisa mfululizo, mtiririko wa damu ulishuka kwa karibu theluthi. Alikuja kwangu uso unang'aa. Nikamwomba kaunta buku. Safu ya joto ilikuwa na namba moja tu kwa kila panya, ya mwanzoni: 37.1, 36.9, 37.0. Baada ya hapo mistari mitupu.

Tukamlaza panya wa kumi, tukampa maji ya chumvi matupu badala ya dondoo, kipimajoto kikiwa ndani na mimi nikikiangalia. Tukazima taa ili leza ifanye kazi. Baada ya dakika hamsini panya alikuwa nyuzi 33.9, na mtiririko wake ulikuwa umeshuka vile vile kama wale tisa. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Mkeka wa joto ulikuwa baridi kama meza. Soketi yake ilikuwa kwenye laini moja na swichi ya taa. Kila alipotia giza chumba ili apige picha, alikuwa anamzimia panya wake joto.

Panya tisa. Walilala kwa mikono yetu, wakafunguliwa fuvu, na hawakutufundisha kitu ambacho kipimajoto cha bei ndogo kisingetufundisha siku ya kwanza. Sikuweza kula mchana ule. Tangu hapo mkeka una soketi yake yenye utepe mwekundu, na hakuna anayeanza kazi chumbani kwangu bila kipimajoto cha njia ya haja kubwa kilichopakwa vaselini na kusukumwa sentimita tatu hivi ndani.

Watu husema Kampala kuna joto, panya atapoaje? Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa mwili mdogo, na dawa imemnyang'anya uwezo wa kutetemeka. Oksijeni kavu inampoza kupitia pumzi, spiriti unayompaka kichwani inampoza, fuvu lililo wazi linampoza. Panya mdogo wa gramu 25 anapoa haraka zaidi ya huyu. Lengo ni nyuzi 37, pasizidi nusu juu wala chini. Maji ya chumvi ya kumchoma chini ya ngozi, mililita 5 kwa panya wetu, yapashe kwanza kwa kuyaweka mfukoni mwako. Stima ikikatika, tuna chupa za plastiki za maji moto ndani ya soksi; zisiguse ngozi moja kwa moja, maana aliyelala hawezi kukwambia anaungua.

Hewa

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Mwanafunzi anayefuata maelezo yaliyoandikwa Amsterdam, panya akivuta hewa ya chumba, anaanza na oksijeni pungufu bila kujua. Kwa ketamini hasa, ambapo watu husahau kinyago kwa sababu hakuna gesi ya kumpa, nasisitiza: kinyago cha oksijeni kwa kila panya, kila mara. Vaporaiza, kile kifaa kinachogeuza isoflureni kuwa mvuke, isikutie wasiwasi. Ile ya kawaida hutoa nguvu ile ile ya dawa hapa kama pwani, ingawa kipimo cha gesi kinaweza kuonyesha asilimia kubwa kuliko iliyo kwenye kitasa.

Oksijeni yetu inatoka kwenye mashine inayotumia stima. Siku moja ilizimika panya akiwa ndani ya vishikio vya masikio, fuvu limeshachongwa. Gesi ikasimama, na kwa kuwa gesi ndiyo hubeba isoflureni, usingizi nao ukaanza kumtoka. Niliona sharubu zikitikisika, kisha taya. Mtungi ulikuwepo, lakini kwenye kona, na spana yake kwenye droo ya chumba kingine. Tulimwahi, ila sitaki mtu mwingine azione sharubu zile zikitikisika vile. Sasa mtungi umeungwa tayari kwa kiungo cha njia tatu, spana imefungwa kwa kamba shingoni mwake, na kila mwanafunzi anafanya zoezi la kubadilisha akiwa amefumba macho, panya akiwa hayupo.

Gesi inayotoka usiivute wewe. Kopo la mkaa linaloinyonya linapimwa uzito kila siku, likiongezeka gramu 50 linatupwa.

Kichwa, fuvu, picha

Paka mafuta ya macho kwanza. Panya akilala macho hubaki wazi na hapepesi. Yakikauka kwa saa moja yameharibika.

Meno ya mbele yanapita kwenye kipande cha kung'ata, ulimi unavutwa pembeni usizibe koo. Halafu vishikio vya masikio, vile butu, visivyotoboa ngoma. Ingiza kimoja, kisikie kinakaa kwenye shimo la mfupa, kisha cha pili, na usome namba za pande zote mbili zilingane. Sasa sukuma kichwa kwa kidole. Kikienda kushoto au kulia, hakijakaa. Kikikataa kushoto na kulia lakini pua inakubali kuinama kidogo, hapo sawa. Hesabu pumzi tena papo hapo, maana kishikio kilichobana vibaya huminya koo.

"Amelala kweli?" Bana ngozi kati ya vidole vya mguu wa nyuma kwa kibano. Akivuta mguu, bado. Usimwongezee kwa pupa. Ongeza robo ya asilimia, ngoja dakika tatu, bana tena. Pumzi zihesabu kwa kutazama ubavu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kwa isoflureni nataka 40 hadi 60. Zikishuka chini ya hapo, au akianza kuvuta hewa kwa kushtuka shtuka kama anayezama, amezidi. Punguza mara moja.

Nyoa kutoka katikati ya macho hadi nyuma ya masikio. Ganzi kabla ya kisu: lignokeini ya asilimia 2, sehemu moja kwa tatu za maji ya chumvi, 0.2 ya mililita chini ya ngozi ya kichwa. Nusukaputi inamzuia asihisi sasa, ganzi inamsaidia akiamka, na meloksikamu, dawa ya maumivu, miligramu 1 kwa kilo inampeleka mpaka kesho.

Fuvu la panya mkubwa halipitishi mwanga wa kutosha, lazima lichongwe liwe jembamba. Tunatumia keekee ya daktari wa meno yenye kichwa cha mviringo. Eneo letu ni mraba wa milimita 4 upande wa kulia, nyuma kidogo ya ile njia panda ya mishono ya fuvu iitwayo bregma. Usikaribie mshono wa katikati, chini yake kuna mshipa mkubwa, na ukiupasua kazi imekwisha na pengine panya pia. Gusa sekunde tatu, inua. Dondosha maji ya chumvi, fyonza, gusa tena. Mfupa ukipata moto, ubongo ulio chini yake unapata moto, na damu itabadilika kwa sababu ya keekee yako. Utavuka tabaka gumu, kisha tabaka kama sifongo ambalo hutoa damu kidogo, kisha tabaka la ndani. Hapo punguza mkono. Lowesha: ukiona mishipa inatokeza kama mizizi chini ya maji safi, acha, hata kama hujafika ulipopanga. Tone la mafuta ya madini juu yake, kioo chembamba, na mng'ao wa leza unapungua.

Zima taa, kisha gusa mkeka. Kila mara.

Picha yenyewe, baada ya yote hayo, ni kazi fupi. Fremu 30 za kwanza tunazitazama kwa jicho: mishipa ina kingo kali? Picha inacheza na pumzi? Ikicheza, rudi kwenye vishikio, usitegemee programu ikurekebishie. Kisha dakika kumi za kutofanya chochote, kuona kama mstari wa mtiririko umelala sawa. Ukiteremka au kupanda wenyewe, hatuanzi. Kwa kuamsha sharubu tunatumia kijiti chenye pamba kinachozungushwa na mota ndogo, sekunde 10 kazi, sekunde 50 mapumziko, mara 20, kisha tunachukua wastani. Damu inaanza kuongezeka baada ya sekunde moja mbili hivi. Mara ya kwanza nilipoliona lile doa likichipuka, upande wa kulia wa ubongo ukiitikia sharubu za kushoto, nilimwita mlinzi wa geti aje aone.

Mtu mmoja kazi yake iwe kuandika tu: kila dakika 5, saa, joto, pumzi, oksijeni, asilimia ya isoflureni. Asishike kitu kingine. Picha isiyo na mstari wake kwenye kaunta buku tunaitoa kwenye hesabu, hata iwe nzuri namna gani.

Kumwamsha

Shona ngozi, zima isoflureni, acha oksijeni dakika tano. Kama alipewa medetomidini, mpe atipamezoli, dawa inayoiondolea nguvu. Mtoe vishikio, mlaze juu ya karatasi, siyo maranda ya mbao, maana yataingia puani na machoni. Nusu ya kizimba iwe juu ya mkeka na nusu nje, ili akipata joto aweze kusogea. Awe peke yake. Wenzake humng'ata aliyelewa. Chakula kilicholoweshwa kiwe sakafuni, asilazimike kuinua shingo.

Mwanafunzi atataka kukimbilia kompyuta kuona alichopata. Mimi namwambia avute kiti. Kwanza zinatikisika sharubu, kisha kichwa kinainuka na kuanguka, kisha anasimama miguu ikiwa imepanuka kama meza mbovu. Akianza kulamba nyayo zake na kuzipitisha usoni, tunaandika saa, tunazima mkeka, na tunakwenda kunywa chai. Kesho saa mbili tunampima uzito.